Kabla ya Kumcheka Aliyeona

Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika chumba cha nyuma cha makumbusho, kule wageni wasikofika. Humo mna makabati ya ngozi zilizokaushwa, mafuvu yaliyoandikwa namba kwa wino mweusi, na mitungi ya spiriti yenye nyoka na vyura waliopauka. Kazi yenyewe haina makeke: unapima, unajaza kadi, unapambana na wadudu wanaotafuna manyoya. Lakini habari zilienea kwamba humo wamo watu wanaojua wanyama, basi kila aliyekutana na kitu asichokijua, mwishowe alielekezwa kwetu. Wengine walileta mfupa uliofungwa kwenye gazeti. Wengine walileta picha ya simu yenye kivuli katikati ya majani. Wengine hawakuleta chochote ila maneno.

Karibu wote walianza hivi: "Najua utanicheka."

Anayeanza kwa kujikinga ameshachekwa mahali, pengine nyumbani kwake, pengine na msomi mwenzangu. Nami nimeona kicheko kinafanya nini. Hakimpunguzii mtu imani yake hata chembe. Kinachokwisha ni hamu yake ya kutusimulia sisi. Atatoka hapo aende kwa atakayemsikiliza, na mara nyingi huyo wa pili ana kitu cha kumuuzia.

Kwa hiyo nikajizoesha kuuliza tofauti. Sikuanza na "ulimwona nani?" Nilianza na alikosimama, jua lilikuwa upande gani, na kabla ya kuona alisikia nini. Jicho huona umbo, rangi na mwendo. Jina huja baadaye, nalo huja limebeba kila hadithi tuliyosimuliwa utotoni. Shahidi mwaminifu kabisa anaweza kukuletea jina lisilo la kweli juu ya umbo la kweli, na ukilikataa jina hupaswi kulitupa na umbo.

Kisa ninachopenda kukisimulia ni cha familia iliyohama chumba. Darini mwao kulikuwa na kitu kilichopumua usiku: haukuwa mlio wala kilio, ilikuwa pumzi ndefu yenye mkwaruzo, inayokatika na kuanza tena mpaka alfajiri. Kijana wa nyumba hiyo alipanda na simu, akapiga picha moja, akashuka mbio. Pichani walionekana viumbe watatu wamesimama wima, weupe, nyuso bapa zenye umbo la moyo, macho meusi, miguu mirefu, shingo hazionekani. Kufikia siku waliponifikia, walishaitwa kila jina: mashetani, watoto wa jini, hata wageni kutoka sayari nyingine. Walikuwa makinda ya bundi, wale wa jamii yenye uso mweupe, ambao wameenea karibu kila bara na hupenda kuzalia darini na minarani. Makinda yao huomba chakula kwa kutoa pumzi hiyo ya mkwaruzo, usiku kucha, na kabla hawajaota manyoya kamili kweli hawana sura ya ndege.

Nikamweleza mama mwenye nyumba, nikamwonyesha na ngozi ya bundi iliyomo kabatini, nikidhani nimemtua mzigo. Akashika kichwa. "Bundi? Afadhali angekuwa jini, mwanangu. Jini ana dawa yake."

Jibu langu lilikuwa sahihi na halikumfaa kitu. Hofu ilikuwa imehama tu, kutoka kwa kiumbe kisichojulikana kwenda kwa ndege ambaye jamii nyingi duniani humwona ni mjumbe wa mauti. Kilichomsaidia nilikisema baadaye, karibu kwa bahati: kwamba bundi hao hula panya usiku hadi usiku, kwamba makinda yakiota manyoya yataruka yaende zake baada ya wiki chache, na kwamba siku hiyo wazibe tundu la dari. Panya, muda wa kuondoka, tundu la kuziba. Hayo aliyachukua. Makinda yakaachwa yakakua, na hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu nyumba nyingine ningesikia tu kwamba yamechomwa moto.

Wapo wanaodhani watu wa makumbusho hufurahia kuzima hadithi. Sivyo hata kidogo. Kila aliyewahi kukaa kwenye chumba kile huota siku ambayo mlango utafunguliwa na atakayeingia atakuwa amebeba mnyama ambaye hayumo kabatini. Mambo hayo hutokea, na si ya enzi za mababu.

Mwanzoni mwa mwaka 2003, watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye misitu ya Mlima Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, walisikia kwa wawindaji habari za kima aitwaye kipunji. Walisita, na kusita kwao kunaeleweka. Wanyakyusa wana masimulizi ya wanyama wengi wa msituni, wengine wa damu na nyama, wengine wa hadithini, na haikuwa wazi huyu yumo kundi lipi. Hata hivyo hawakukaa ofisini kulijadili. Waliingia msituni, na kufikia Desemba mwaka huohuo walikuwa wamemwona vizuri: kima wa rangi ya kahawia, nywele zimesimama utosini, mwoga, akaaye juu mitini, mwenye mlio usiofanana na wa kima yeyote waliyemjua. Mwaka 2004 timu nyingine, isiyojua habari za ile ya kwanza, ikakutana naye kwenye msitu wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka Rungwe.

Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya. Mpya kwa wenye mitungi ya spiriti, bila shaka, maana mwindaji wa Rungwe angeshangaa sana kuambiwa hivyo. Lakini palizuka mabishano, kwa kuwa alitangazwa kwa picha tu, bila mwili hata mmoja kabatini. Baadhi ya wataalamu walisema picha haitoshi, hata iwe nzuri vipi. Wengine wakajibu kwamba kumuua mnyama adimu ili kuthibitisha kuwa ni adimu ni wazimu. Mabishano hayo yalitulizwa na mtego wa mkulima. Kipunji mchanga alikutwa amekufa mtegoni shambani, mwili ukachunguzwa, vinasaba vikasomwa, na ikaonekana kwamba yuko karibu zaidi na nyani kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la juu ya spishi, likaitwa Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Hesabu iliyofanywa baadaye iliwakuta kama 1,100 hivi, basi.

Habari ya silikanti ni ya namna hiyohiyo, ila ilichukua muda mrefu zaidi. Wanasayansi walimjua samaki huyu kwa visukuku peke yake, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, na kwa hesabu zao alikuwa ametoweka tangu miaka milioni 66 iliyopita. Tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya East London, Afrika Kusini, alimwona mmoja katika samaki walioshushwa na meli ya uvuvi. Hakumjua, ila alijua kwamba hajawahi kumwona. Akamchora, akautuma mchoro kwa mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith. Jibu lilichelewa kwa ajili ya sikukuu, na lilipofika sehemu za ndani zilikuwa zimeoza na kutupwa. Smith akatafuta wa pili kwa miaka 14, akisambaza pwani nzima karatasi zenye picha na ahadi ya pauni 100. Mwaka 1952 akapatikana, visiwani Komoro.

Wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku zote. Walimwita gombessa. Wala hawakuwa na mengi ya kusimulia juu yake: ni samaki wa kina kirefu, hunaswa mara mojamoja, nyama yake ina mafuta mno, si ya kutamani. Kwa miaka ya karibuni, tangu 2003, amekuwa akinaswa pia kwenye majarife ya wavuvi wa papa Tanga, hata ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

Katika visa hivyo ndipo nilipokipata kipimo ninachokiamini kuliko vyote, wala sikukisoma popote: mnyama wa kweli ana maelezo ya kuchosha. Huiba mazao. Hurarua nyavu. Nyama yake haina ladha, au inanuka. Ngozi yake hukatwa mikanda. Okapi, mnyama wa ukoo wa twiga, alipoanza kuaminika kwa Wazungu, ushahidi wa mwanzo alioupata Mwingereza Harry Johnston ulikuwa vipande vya ngozi ambavyo watu wa msituni Kongo walivitumia. Ngozi nzima na mafuvu vikafuata, na mwaka 1901 mnyama akapewa jina lake la kisayansi. Saola wa Vietnam, mnyama wa jamii ya ng'ombe, alitambuliwa mwaka 1992 kwa pembe zilizotundikwa kwenye nyumba za wawindaji. Watu waliishi naye, wakamla, wakatundika pembe zake, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Zimwi halina mambo hayo. Huja usiku, huja peke yake, hukutana na mtu mmoja, humtazama machoni, kisha hutoweka. Halina kinyesi. Halina watoto. Hakuna anayejua linakula nini msimu wa ukame. Mgeni aliponisimulia macho mekundu yaliyomkodolea, kalamu yangu ilipunguza kasi, ingawa sikumkata kauli. Aliponiambia kwamba kinyesi chake kina mbegu za tunda fulani na kwamba hupita bondeni mvua zikianza, nilivuta kiti mbele. Kipimo hiki hakikamiliki, kwa sababu wanyama wa kweli nao hupambwa kwa hadithi, lakini hakijawahi kunipotezea muda.

Kuna swali pacha la hilo: kama yupo, angeacha nini nyuma? Zamani jibu lilikuwa mifupa, meno, nyayo. Siku hizi hata maji yenyewe hujibu. Ziwa Ness la Scotland lilipata umaarufu mwaka 1933 kwa habari za dude linaloishi humo, na mwaka uliofuata gazeti likachapa ile picha ya shingo ndefu juu ya maji, iliyosemwa kuwa imepigwa na daktari mheshimiwa. Ilichukua hadi 1994 kubainika hadharani kwamba shingo hiyo ilitengenezwa na kuwekwa juu ya nyambizi ya kuchezea watoto. Miaka sitini! Na wakati wote huo watu makini waliipima, wakakadiria urefu wa mawimbi, wakaandika.

Mwaka 2018 Neil Gemmell, mtaalamu wa vinasaba kutoka New Zealand, alikwenda na timu yake wakachota maji sehemu mbalimbali za ziwa hilo, juu na chini. Kila kiumbe kinachoishi majini huacha ngozi, ute na kinyesi, na vinasaba vyake hubaki majini kwa muda. Matokeo ya 2019 hayakuwa na mtambaazi yeyote mkubwa wa kale. Yalikuwa na mikunga kila walipochota. Gemmell akasema kwamba hawezi kukanusha kuwa baadhi ya waliosema wameona kitu walimwona mkunga mkubwa kupita kiasi. Magazeti yakalichukua hilo likawa kichwa cha habari, nami sikuwalaumu sana. Kilichonivutia ni kwamba chini ya jina la dude hilo, fedha na macho ya dunia yalielekezwa kwenye orodha ya viumbe wote wa ziwa moja, kazi ambayo kwa kawaida hakuna anayeitaka.

Yeti wa Himalaya, yule wa hadithi mwenye manyoya na umbo kama la mtu, naye alitoa faida ya namna hiyo. Mwaka 2017 mtafiti wa vinasaba Charlotte Lindqvist na wenzake walichunguza mabaki tisa yaliyosemekana kuwa ya yeti: mifupa, meno, ngozi, nywele, mengine kutoka makumbusho na nyumba za watawa. Manane yalikuwa ya dubu, moja la mbwa. Watu wengi walisoma hadi hapo wakafunga. Lakini kwa vinasaba hivyohivyo walijifunza kwamba dubu wa kahawia wa Himalaya ni ukoo uliojitenga na dubu wengine wa kahawia tangu miaka 650,000 hivi iliyopita, nao ni mnyama aliye hatarini. Hadithi ilikuwa imewahifadhia sampuli ambazo mtafiti angehangaika miaka kuzipata. Na serikali nazo zina namna zao: mwaka 1959 ubalozi wa Marekani mjini Kathmandu uliiandikia serikali yake masharti ya Nepal ya kumsaka yeti, miongoni mwake kibali cha rupia 5,000 na katazo la kumuua isipokuwa katika kujilinda. Kama hayupo, hakuna hasara. Kama yupo, analindwa. Nimesoma sheria za wanyamapori nyingi zisizo na akili kama hiyo.

Wale wanaojiita wachunguzi wa viumbe vya siri nimekutana nao, na sina ugomvi nao wa jumla. Chama chao cha kimataifa kilichoanzishwa 1982 kilimchagua okapi kuwa nembo yake. Chaguo zuri, ila okapi mwenyewe anawahukumu: yeye alianza na kipande cha ngozi, na ndani ya muda mfupi pakawa na ngozi nzima. Wao wamekuwa na nyayo na picha za ukungu kwa miongo. Mtu anapokuja na ushahidi uleule ambao babu yake alikuja nao, bila nyongeza, hilo nalo ni jibu. Baadhi yao ni wajuzi wa kweli wa misitu na nimejifunza kwao. Wengine wana hasira na sayansi kuliko upendo kwa mnyama, na hao huwezi kuwaonyesha kitu.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba ni mchezo. Si mchezo siku zote. Mwaka 1995 uvumi wa popobawa ulilipuka Pemba, ukavuka hadi Unguja. Watu walisema kuna kitu kinawajia usiku, kinawakandamiza kitandani, hawawezi kujongea wala kupiga kelele. Familia zikalala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Wageni wakatiliwa shaka, wakapigwa, na mgonjwa wa akili akauawa na kundi la watu. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kadhaa kuuawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake kwenye wilaya mbili.

Sehemu kubwa ya waliyosimulia watu wa mwaka ule wa 1995 inafanana mno na jinamizi, nalo linajulikana vizuri. Mtu akiwa kwenye usingizi wa ndoto, ubongo hulegeza misuli ili asirukeruke kitandani. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Unaona chumba chako, huwezi kusogeza kidole, kifua kizito, na ndoto inaendelea mbele ya macho yaliyo wazi. Watu wa Newfoundland, kule Kanada, husema ni bibi kizee amewakalia kifuani. Wajapani wana jina lao. Uchovu, kukosa usingizi na kulala chali huongeza uwezekano. Sasa fikiria kisiwa kizima kimekesha kwa hofu, kila mtu akilala vipande vipande: hofu inaleta jinamizi, jinamizi linathibitisha hofu.

Je, ukiyasema hayo katikati ya uvumi, utasikilizwa? Nilijaribu mara moja, katika uvumi mwingine mdogo wa mtaani, na nilichojifunza ni kwamba mpangilio wa maneno una uzito kuliko maneno. Ukianza na ubongo, umemwita mtu mwongo mbele ya mkewe. Ukianza na "lilikukandamiza wapi, uliona mlango, ulijaribu kusema?" naye akashangaa kwamba unajua alichopitia kabla hajakisema, basi ameshakuruhusu kuendelea. Halafu ndipo unamwambia alale ubavu. Jambo moja tu silisikilizi kwa upole: mtu anapotajwa jina. Dude la kufikirika halina shingo ya kukamatwa, jirani anayo. Uvumi ukishapata sura ya bibi fulani au mgeni fulani, muda wa kuuliza jua lilikuwa upande gani umepita, ni wa kuita polisi na viongozi wa dini usiku huohuo.

Wanyama nao hulipa. Ai-ai wa Madagaska ni mnyama mpole wa usiku, mwenye kidole cha kati chembamba anachogongea miti kusikiliza mabuu yaliyo ndani. Sehemu nyingine za kisiwa hicho watu huamini kwamba kumwona ni mkosi, na humuua anapoonekana. Yupo hatarini kutoweka, naye hata si wa hadithi. Nikimkumbuka huwa nakumbuka na yale makinda ya darini.

Miongoni mwa wageni wangu wa mwisho kabla sijaacha kazi alikuwa mzee mmoja mwenye bahasha ya kaki. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema kwamba anajua nitamcheka. Ndani ya bahasha mlikuwa na nywele ndefu nyeusi, alizozikuta zimenasa kwenye uzio wake asubuhi baada ya zimwi kupita uani. Nikauliza maswali yangu yote, akajibu bila kubabaika. Nikaziweka nywele chini ya hadubini, nikaweka na sampuli zetu kando, nikamwita atazame mwenyewe. Mpangilio wa magamba ya unywele ni ule ule, na uboho wa katikati ni ule ule.

"Mzee wangu, hizi ni za mbuzi."

Akatazama muda mrefu, kwanza jicho hili, kisha lile. "Za mbuzi kabisa?"

"Kabisa."

Akazirudisha kwenye bahasha, akaikunja, akaitia mfukoni. "Basi zimwi lenyewe linafuga, mwanangu," akasema, "maana mimi mbuzi sina."